Niwekee, Nakuja

Sehemu ya Nne

Ndugu msomaji, nitakachokusimulia leo hutakiamini. Hata mimi ningekikuta kwenye simu ya mtu ningesema huyu dada anatafuta watu wa kumfuata tu. Lakini kimenitokea mimi, mchana kweupe, Chimala, mbele ya watu. Neno moja, tena neno ambalo hata wewe wiki hii umeshalisema, limemvua mzee wa watu funguo alizozishika miaka kumi na tisa.

Na neno hilo niliandika mimi. Kwa dole gumba hili hili ninaloandikia hapa.

Kama unaanza kunisoma leo, usijali, nakupitisha haraka. Jina langu Violet, kwetu Kihesa, Iringa. Nilifukuzwa stationari kwa kuchapa ratiba ya mazishi na kuweka jina la kaka wa marehemu badala ya marehemu. Kaka mwenyewe ndiye aliyekuja kuichukua. Akaisoma yote, akaniuliza mimi nazikwa saa ngapi.

Baada ya hapo akatokea Silvester, aliyeniita Mbeya tukaanze maisha. Nilifika stendi nikapiga simu, haipatikani. Mpaka leo haipatikani. Nauli iliyobaki ilinirudisha hadi Chimala tu, ikaishia hapo.

Hapo Chimala nikapata kibarua kwa Mama Bertha, mama wa Kihehe mfanyabiashara wa mchele. Ana duka Iringa mjini, na stoo kubwa Chimala kando ya barabara kuu. Wiki iliyopita niliishia pale mtunza stoo, Mzee Sosthenes, aliponikuta jioni nimekalia begi langu nje ya geti. Akaniuliza nalala wapi. Akatoa simu yake ya vitufe, akampigia mkewe.

"Mama Yusta, ongeza ugali. Tuna mgeni."

Ugeni huo sasa una miezi saba. Chumba wamenipa, shuka wamenipa, na Mama Yusta hajawahi kuniuliza naondoka lini.

Huo ugali uukumbuke. Tutaurudia.

Sasa sikiliza.

Kazi yangu stooni ilikuwa kuandika oda. Mwaka huu mtoto wa dada yake Mama Bertha, anaitwa Clement, anaishi Mbeya mjini, akamtengenezea shangazi... samahani, mama yake mdogo, mfumo wa kuagiza mchele mtandaoni. Mteja anafungua, anaona bei, anaagiza, sisi tunapakia. Hilo tulishalizoea. Stooni tukapewa na kishikwambi cha kuangalia mzigo uliopo na uliotoka.

Juzi juzi Clement akaja na jipya. Akatuambia wateja wakubwa, wenye hoteli na mashule, siku hizi hawahangaiki kuagiza wenyewe. Wanaiambia akili mnemba kwenye simu zao, nayo inaingia kwenye mfumo wa muuzaji, inauliza bei, inaagiza kwa niaba yao. Hizo zinaitwa mawakala, na bila kujiandaa kuwapokea mawakala, biashara itatupita.

Mama Bertha alisikiliza vizuri. Halafu akauliza hao mawakala watafungulia wapi kibanda, maana mbele ya stoo tayari wapo wawili wa miamala ya simu wanaogombania kivuli kimoja.

Clement alicheka mpaka akakohoa. Akaeleza upya. Wakala huyu si mtu, ni programu. Hana kibanda wala mwamvuli. Shida yake ni moja tu: hajui chochote kuhusu stoo yetu. Anajua kile tu atakachokisoma kwenye maelekezo ya mfumo. Kila kitufe lazima kiandikiwe kazi yake, kitumike lini, kisitumike lini.

"Nani hapa anapenda kuandika?" akauliza.

Watu wote wakanitazama mimi. Nilikuwa na simu mkononi, kama kawaida.

Nilijisikia, jamani. Mimi niliyefukuzwa kwa jina moja la marehemu, leo naandikia mashine. Clement akanipa ushauri mmoja, na naomba uushike kwa sababu mimi sikuushika.

"Wakala anasoma kila neno na analiamini," aliniambia. "Usiandike unavyotaka kuonekana. Andika kinachofanyika."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Wiki tatu niliandika. Naandika nimekaa juu ya magunia, naandika jikoni kwa Mama Yusta, naandika mpaka bando linaisha. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Sosthenes. Kila kitu cha stoo anacho kichwani. Gunia lililopungua, la kilo tisini na nane, analijua kwa kulisukuma na goti. Kilichonichosha ni kwamba haelezi. Unamuuliza, anakujibu maneno matatu, anaendelea na kazi.

Nikaandika kwamba gunia letu ni kilo mia kamili, halina lumbesa, hakuna kujaza mpaka lifungwe kilemba. Nikaandika kwamba saa nne tunayosema sisi ni saa nne asubuhi, kwenye saa ya mashine ni 10:00, wakala asije akatuletea lori alfajiri. Clement alilisifu sana hilo. Akasema watu wengi wanalisahau.

Nikavimba kichwa.

Siku hiyo tukafika kwenye kitufe kinachoitwa WEKEA. Clement alikiweka kwa ajili ya mteja aliyetaja siku ya kuja, ili mzigo wake utengwe asiuziwe mwingine. Mimi nikawaza wateja wetu wanavyoongea. Nikamfuata mzee. Alikuwa anashona mdomo wa gunia kwa ile sindano ndefu.

"Mzee, mteja akikuambia niwekee, nakuja, unafanyaje?"

"Namwambia sawa."

"Halafu?"

"Halafu naendelea kushona."

"Yaani humuwekei?"

Hapo akainua macho, akanitazama kama ananionea huruma.

"Vaileti mwanangu. Mtu akikuambia nakuja, anaondoka."

Nilicheka. Na ni kweli, hebu jifikirie. Umeingia dukani, bei imekushinda, hutaki kumuudhi mwenye duka. Unasemaje? Haya niwekee, nakuja. Mwenye duka anajua hurudi. Wewe unajua anajua. Mmeagana vizuri, maisha yanaendelea. Hata ukiinuka tu mezani kwenda uani, unasema nakuja huku umeshawapa watu mgongo.

Lakini nilipokaa kuandika nikaona aibu. Niandike hivi kweli? Kwamba mteja akisema niwekee, mwambie sawa, halafu endelea na kazi zako? Maelekezo haya yatasomwa na mashine za mahoteli ya Mbeya mjini. Zitatuonaje? Zitasema watu wa Chimala waongo.

Basi nikaandika hivi, nakunukulia neno kwa neno:

*Mteja akisema niwekee, nakuja, tumia WEKEA. Mzigo wake utatengwa mpaka atakapokuja. Asiuziwe mtu mwingine.*

Nikayasoma mara tatu. Nikaona nimeandika kitu cha heshima. Nikapiga picha ya ukurasa nikaweka status, na maneno chini yake: Naandikia mashine, nyie endeleeni kulala.

Watu arobaini na wawili waliiona. Silvester hakuwemo.

Mfumo ukafunguliwa kwa mawakala. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Oda zinaingia hata sisi tukiwa tunakula. Mama Bertha akanitumia sauti kutoka Iringa, anaanza na kamwene, salamu ya kwao Wahehe, anamalizia na baraka, katikati ananiita mwanangu mara nne.

Wiki ya pili mambo yakaanza kuharibika kimya kimya.

Jumatatu kishikwambi kilionyesha magunia mia sita na arobaini. Yaliyotengwa, mia sita na kumi na moja. Yanayoweza kuuzwa, ishirini na tisa. Mzee Sosthenes aliniita nimsomee. Nikamsomea. Akaniambia nisome tena. Akazunguka stoo nzima akigusa magunia kwa kiganja, akarudi, akasema magunia yote yapo na hakuna mtu aliyekuja kuchagua hata moja.

Pembeni kulikuwa na safu imeandikwa Aliyetenga. Kila mstari, kuanzia juu hadi chini, jina ni moja.

Sosthenes.

"Hilo ni jina langu," alisema, kama mtu aliyekutana na picha yake ukutani kwa watu asiowajua.

Nilimwambia labda mfumo umechoka, utakaa sawa. Na mimi nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nataka kwenda kulala tu.

Jumatano likaja lori la shule moja ya masista kutoka Iringa kuchukua magunia themanini, wanafunzi wanafungua Jumatatu. Mfumo ukakataa kutoa kibali. Mzigo umetengwa, unasema. Dereva akasubiri tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Akaondoka na lori tupu, na maneno aliyotuachia siwezi kuyaandika hapa.

Na alikuwepo Shigela. Huyu ni mzee wa Kisukuma, familia yao ilihamia Usangu zamani na ng'ombe, sasa analima mpunga Madibira. Alikuwa ameleta magunia tisini tumuuzie. Kila siku anakuja, anaegemeza fimbo yake mlangoni, anasalimia watu wote mmoja mmoja, halafu anauliza swali lile lile kwa upole.

"Gunia zangu zimetengewa nani?"

Tunamwambia hatujui. Anakaa. Lori linafukuzwa mbele yake, magunia yake anayaona pale pale. Jumatano ile lori la masista lilipoondoka, alichukua fimbo yake, akasogea pembeni, akampigia simu Mama Bertha.

Alhamisi saa tano asubuhi Mama Bertha alishuka kwenye gari na koti lake la baridi ya Iringa, kwenye joto la Chimala, hakulivua. Hakunisalimia kwa kamwene. Hakumsalimia mtu.

Unajua, kuna jambo lilishamtokea miaka ya nyuma. Stoo yake ya kwanza kabisa iliuawa na mtunza stoo aliyekuwa anawafichia mzigo watu wake, wateja wengine wanaambiwa umeisha. Alilia mwaka mzima. Ndipo akampata Sosthenes. Kwa hiyo alipokishika kile kishikwambi na kuona safu ile, sidhani hata kama alikuwa anaona vizuri.

"Baba Yusta," alimwambia mzee taratibu. "Hawa watu wako ni akina nani?"

"Mama, mimi sina watu."

"Hili jina la nani?"

"Langu."

"Nani ameliweka?"

"Sijui, mama. Hicho kitu hata kukiwasha mpaka niombe."

Mpakiaji mmoja akacheka. Mama Bertha akamgeukia, kicheko kikaishia hapo hapo. Akasema hatafukuza mtu kwa hasira, yeye ni mtu wa kanisa. Saa tisa tutakaa wote, Baba Yusta ataje watu aliowatengea mzigo. Akiwataja, watazungumza. Asipowataja, ndiyo basi. Mpaka hapo, funguo azikabidhi.

Funguo alizifunga kiunoni na kamba ya kiatu. Fundo lilikuwa la zamani, lilikataa kufunguka. Tulisimama wote tunamwangalia mzee wa watu anapambana na fundo. Shigela ndiye aliyeinuka kumsaidia.

Nikatoka nje. Nilikwenda nyuma ya mashine ya kukoboa, kwenye lundo la pumba, nikakaa.

Sikuwa nimewaza lolote la maana. Nilikuwa nataka kukaa mahali pasipo na mtu. Mkono wenyewe ukatoa simu. Nikafungua ile akili mnemba ninayoitumiaga kuandikia status, nikaiuliza bei ya mchele supa kwa Mama Bertha, Chimala. Ikaingia kwenye mfumo wetu, ikanijibu vizuri kabisa, mpaka habari ya lumbesa. Maneno yangu hayo. Nikajisikia vizuri kidogo.

Ikaniuliza niagize magunia mangapi. Nikiwa na mawazo yangu, nikaandika kama ambavyo ningemwambia muuzaji yeyote, bila hata kufikiri.

*Thelathini hivi. Haya waambie waniwekee, nakuja.*

Sekunde mbili.

*Tayari. Umetaka magunia thelathini lakini yaliyobaki ni ishirini na tisa. Nimekutengea yote ishirini na tisa. Hayatauzwa kwa mtu mwingine mpaka utakapokuja. Nikusaidie nini kingine?*

Ndugu msomaji, nilihisi baridi ya Makambako, na jua la saa sita liko utosini.

Hakuna mtu aliyekuwa anaficha mchele. Mwenye hoteli Mbeya ameuliza bei, imemshinda, akaaga kistaarabu. Bwana wa shule Mafinga ameuliza, akaaga kistaarabu. Mama lishe, fundi, nani, wote wameaga kistaarabu. Na mashine zao, ambazo hazijui kuaga, zikaenda kuwawekea. Gunia kwa gunia. Mpaka stoo nzima ya Mama Bertha ikawa inawasubiri watu waliokuwa wanaondoka.

Nikampigia Clement. Kwanza nilikosea nikampigia mtu mwingine, nikakata.

Clement alisikiliza. Nikamsikia anabofya bofya. Kisha akashusha pumzi.

"Mashine haijakosea, Violet. Imesoma."

Nikamuuliza jina la mzee limefikaje pale. Akasema hiyo ni yake yeye. Kwenye Aliyetenga aliunganisha laini ya simu ya stoo, na laini ya stoo imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzee. Jina la mteja hutokea akija kuchukua. Hawa hawakuja.

Nikamwambia basi apige simu kwa Mama Bertha amweleze. Akaanza kuongea kwa ile sauti ya mtu anayekuomba kitu. Kuna watu watatu Mbeya wanataka mfumo huu, wanakutana naye kesho. Wakisikia umefunga stoo ya mama yake mdogo, amekwisha. Na mimi pia nimekwisha, si mimi niliyeandika? Yeye atafuta yote yaliyotengwa, mimi nirekebishe ule mstari. Mzigo utarudi, mama atafurahi, mzee atarudishiwa funguo zake.

"Nani atajua?" aliniuliza.

Nataka nikuambie nilikataa. Sikukataa. Nilikuwa nimechoka, na ilinijia kama njia fupi ya kumsaidia mzee bila kujivua nguo mbele za watu. Nilijiambia kabisa: namsaidia mzee. Nikafungua maelekezo, nikafuta maneno yangu ya heshima. Nikaandika:

*Mteja akisema niwekee, nakuja, mwambie sawa. Usitenge kitu. Tumia WEKEA kama ametaja siku ya kuja na amethibitisha.*

Namwambia sawa, halafu naendelea kushona. Ndivyo alivyoniambia mwenyewe. Ilikuwa imechukua wiki mbili na stoo nzima mimi kuandika alichokisema.

Saa saba na dakika arobaini Clement alinitumia ujumbe: Tayari. Nikarudi stooni nikiwa mwepesi. Nilimkuta mzee amekaa kwenye gunia, mikono katikati ya magoti, hana cha kushona. Muda mfupi kabla watu walimwona anaongea na simu kule kwenye mizani, kwa sauti ya chini. Nikataka kumnong'oneza kwamba yamekwisha. Nikasema ngoja aone mwenyewe.

Saa tisa tukakaa. Mama Bertha, mzee, wapakiaji wanne, Shigela na fimbo yake, mimi na simu yangu.

Mama Bertha akawasha kishikwambi asome majina upya. Akasogeza kioo juu, akasogeza chini. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa.

Magunia mia sita na arobaini. Yaliyotengwa, sifuri.

Nikasubiri atabasamu. Naapa nilikuwa nasubiri atabasamu.

"Asubuhi mia sita na zaidi," alisema. "Saa tano nimechukua funguo. Saa tisa hakuna hata moja."

Akamgeukia mzee.

"Nimechukua funguo tu, Baba Yusta, na mzigo umerudi wenyewe."

Yaani unaona kilichotokea? Mimi nimefuta kosa langu, na kule kufutika kwake ndiko kukawa ushahidi dhidi yake. Ningeliacha lile kosa pale, angalau lingebaki swali. Sasa Mama Bertha alikuwa na jibu.

Akamuuliza alikuwa anampigia nani pale kwenye mizani. Mzee akasema mkewe. Wapakiaji wakatazamana. Mama Bertha akauliza, siku kama ya leo, alikuwa na jambo gani la kumwambia mkewe kwa kunong'ona.

Nadhani mzee aliona aibu.

"Nilimwambia aongeze ugali," alisema. "Umetoka Iringa asubuhi, hujala."

Ndugu msomaji, nilitamani pumba zinimeze.

Mama Bertha mwenyewe aliangalia pembeni kidogo. Nikaona midomo yake inacheza. Nikasema sasa, sasa hivi atalainika. Lakini yule mtunza stoo wa zamani, aliyemliza mwaka mzima, nafikiri na yeye alikuwa mkarimu. Akafunga kishikwambi.

Akasema hataita polisi. Akasema hatamtangaza kwa watu. Ila stoo hawezi kumwachia tena.

Kisha akainuka, akanijia, akaniwekea funguo mkononi. Bado zilikuwa na kamba ya kiatu. Akasema kuanzia leo stoo ni yangu, kwa sababu mimi angalau naujua mfumo.

Shigela akauliza kama gunia zake sasa zinauzika. Akaambiwa ndiyo. Lakini hakufurahi. Alikuwa anamtazama mzee.

Mzee Sosthenes naye alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa amekasirika, na bora angekasirika. Alinitazama kama siku ile nilipomuuliza habari ya niwekee.

"Mpe tu, mama," alimwambia Mama Bertha. "Huyu binti kila ninachomwambia anaandika."

Sijui alimaanisha nini. Mpaka naandika hapa sijui. Inawezekana ananisifu. Inawezekana mzee yule, asiyeweza kuwasha kishikwambi, alishaelewa yote kutoka mwanzo hadi mwisho, akaamua hatanitaja mimi, mtoto anayelala nyumbani kwake.

Akachukua koti lake msumarini. Akakung'uta pumba mabegani. Akapita kwa kila mpakiaji akampa mkono, akampa Shigela mkono, akafika mlangoni, akageuka nusu.

"Haya," alisema. "Mimi nakuja."

Akaondoka.

Hakuna hata mmoja pale ndani ambaye hakuelewa.

Mama Bertha akaanza kukusanya mkoba wake, dereva ameshawasha gari, anataka afike Iringa jua halijazama. Simu yangu ikatetemeka. Clement: *Umenyamaza? Safi sana.* Ikatetemeka tena. Mama Yusta: *Mwanangu chakula tayari, nimepika kwa watu sita, mzee amesema mnakuja na mama mwenye stoo. Mko wapi?*

Juu kidogo kwenye picha zangu ipo ile niliyoweka status. Ukurasa mzima, sentensi zangu tatu za heshima, tarehe ipo, na jigambo langu chini yake. Nikimwonyesha Mama Bertha, mzee anarudi kwenye gunia lake leo hii. Mimi narudi Kihesa na begi moja, na Clement na watu wake watatu wananihesabu adui maisha yao yote. Nikinyamaza, nina funguo, nina kazi, na jioni hii nakwenda kukaa mezani kwa Mama Yusta kula ugali ulioongezwa.

Mlango wa gari umefunguliwa. Mama Bertha ameweka mguu mmoja ndani, ananiangalia, ananiuliza, "Vai, una neno?"

Funguo mkono huu, simu mkono huu.

Wewe unayenisoma, ungekuwa mimi pale, ungemjibu nini?